Chuma Chako Kipime kwa Mara za Mwisho

"Kaka, nibebe kilo ngapi?" Hakuna swali ninaloulizwa zaidi ya hili na vijana wanaoanza kupiga tizi hapa Ngamiani, Tanga. Wengi wanatarajia niwatajie namba. Simtajii mtu namba, kwa sababu vyuma vingi vya mtaani kwetu ni bomba lililotiwa makopo ya rangi pande zote mbili, ndani zege. Kopo moja limeshindiliwa kokoto, jingine limejaa mchanga, na mtu anakwambia "hiyo ishirini" kwa kuwa aliyemtangulia alisema ishirini.

Kipimo ninachokiamini ni mara za mwisho za kila seti, yaani kila mzunguko wa kunyanyua mfululizo kabla ya kupumzika. Nyanyua kwa mtindo sahihi na uangalie mwendo. Mara za mwanzo zinakwenda kwa kasi moja. Ya nane inaanza kusuasua, ya kumi inapanda polepole ingawa unasukuma kwa nguvu zako zote. Hapo jiulize: ningelazimika, ningepiga nyingine ngapi zilizo safi? Kama ni moja hadi tatu, uzito huo ni wako kwa leo. Kama ni sita au saba, umepasha misuli moto tu. Kama hakuna hata moja, na hiyo ya mwisho umeipandisha kwa kupinda kiuno, punguza. Hizo mara zilizobaki mwilini mimi naziita akiba.

Kukisia akiba kunataka mazoezi. Anayeanza kwa kawaida hudhani amefika mwisho wakati bado ana kadhaa. Kwa hiyo ninawashauri wajipime kwa pushapu au zoezi la mikono, ambamo ukishindwa hudhuriki: kabla ya seti ya mwisho taja unadhani utafika ngapi, kisha endelea mpaka mkono ugome. Fanya hivyo mara mojamoja na makisio yatakaa sawa. Usilifanye jaribio hili ukiwa umelala kwenye benchi, chuma juu ya kifua, na hakuna mtu wa kukupokea.

Jasho linadanganya sana Tanga. Msimu wa kaskazi hewa ina unyevunyevu mwingi, jasho halikauki mwilini, na moyo unaenda mbio hata kwa chuma chepesi. Mtu anatoka amelowa chapachapa, anaamini amejenga misuli, kumbe kila seti aliiacha na akiba ya mara kumi. Mwingine anapumzika nusu dakika kati ya seti, anahema, anasema chuma kizito. Kilichomshinda ni pumzi. Kwa mazoezi makubwa ya miguu na mgongo pumzika dakika mbili hadi tatu, ndipo ujue kama ni misuli iliyochoka. Na joto likizidi kweli, fanya alfajiri, au ukubali uzito mdogo siku hiyo bila kuona haya.

Jambo linaloniuma ni namna tunavyowapangia akina mama. Mama anajitwisha ndoo ya lita 20, yaani kilo 20 za maji bila ya ndoo yenyewe, kisha akija mazoezini anakabidhiwa chupa mbili za nusu lita. Anazipunga mara hamsini, anarudi nyumbani kama alivyokuja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unataka watu wazima wote, wanawake kwa wanaume, wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli walau siku mbili kwa wiki, na unasema wazi kwamba yasiwe mepesi mno. Shangazi yangu nilimwanzisha kwa kukaa na kuinuka kwenye kiti, kisha nikamshikisha kopo la zege kifuani. Ana presha, kwa hiyo daktari wake aliulizwa kwanza, na sheria yetu ni kwamba anatoa pumzi wakati wa kuinuka, haibani kamwe.

Wazo la kumpima mtu kwa nguvu zake mwenyewe lina umri. Miaka ya 1940 daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alilitumia kuwarudishia nguvu wanajeshi waliojeruhiwa. Kufikia 1948, yeye na mwenzake Arthur Watkins walikuwa wakitafuta uzito ambao mgonjwa anaweza kuunyanyua mara 10 tu, kisha wanampa seti moja ya nusu yake, moja ya robo tatu, na moja ya uzito wote. Mgonjwa akipata nguvu, uzito unapanda.

Kupanda ndiko kunakotusumbua na makopo yetu. Ushauri wa kawaida ni kuongeza asilimia 2 hadi 10 pale unapopitisha idadi uliyojipangia kwa mara moja au mbili, katika mazoezi mawili mfululizo. Kwa chuma cha kilo 20 hiyo haizidi kilo mbili, na sisi tunaruka kutoka kopo la kilo kumi kwenda la kilo kumi na tano! Kabla ya kuruka, panda kwa idadi: toka 10 mpaka 15, hata 20, ukibaki na akiba ileile ndogo. Misuli hukua hata kwa uzito mdogo ukiifikisha karibu na mwisho, ingawa anayetaka nguvu za kunyanyua kizito lazima azoee kizito. Shusha chuma kwa sekunde tatu, tulia kidogo chini, ndipo upandishe. Au funga kifuko cha mchanga katikati ya bomba. Na tafadhali, pelekeni makopo yapimwe kwenye mizani ya duka, kisha andikeni uzito wa kweli kwa rangi.

Ramadhani usiache, punguza. Nguvu hulindwa kwa kazi ndogo kuliko iliyozijenga, kwa hiyo baki na uzito wako ila toa seti: waliokuwa wanapiga nne wapige mbili, baada ya kufuturu na kunywa maji ya kutosha. Ikipita Idi, rudisha seti moja kila wiki, na mwendo wa mara za mwisho ukiwa mzito kuliko ulivyouzoea, subiri wiki nyingine kabla ya kuongeza.