Njia ya mfereji wa C&O: lami achaneni nayo

Dada, umeuliza kama kikundi chenu cha baiskeli hapo Maryland kiombe njia ya mfereji wa C&O (Chesapeake na Ohio) iwekwe lami, maana mvua ikinyesha ni tope tupu. Mi ningesema msiombe. Ile ni njia waliyokuwa wanapita nyumbu wakivuta mashua, mfereji umejengwa 1828 hadi 1850 na tangu 1971 ni hifadhi ya kihistoria ya taifa, kwa hiyo hata hela mngekuwa nazo sidhani kama watawakubalia kumwaga lami kilomita karibu 297 toka Georgetown kule Washington DC mpaka mji wa Cumberland, Maryland, na wanaokimbia nao hawaitaki, magoti bwana.

Shida yenyewe ni maji. Nendeni kesho yake baada ya mvua mkaangalie dimbwi moja tu vizuri, mtakuta katikati pamebonyea kwa matairi na kingo zimeota majani zimepanda juu, sasa hayo maji yatokee wapi? Kwanza kingo zikwanguliwe, katikati painuliwe kidogo maji yamwagikie pembeni, makalvati yazibuliwe, ndo zije kokoto laini na vumbi lake zishindiliwe na rola. Kuna vipande hifadhi imeshavitengeneza kwa kokoto, pitieni mjionee.

Pendekezeni hivyo, na mjiandikishe kujitolea kupitia hifadhi, msiguse udongo nyie wenyewe kivyenu. Halafu kengele kwenye baiskeli ni lazima, na waenda kwa miguu na farasi mnawapisha, wengi wenu hamfanyi hivyo hata kidogo.