Nani kalishika faili?

SWALI: Shikamoo Mama. Tuko wanne, tunatayarisha vitabu vya jiografia vya shule. Kazi zote tunaziweka kwenye seva moja kwa Subversion, programu ya kutunza matoleo ya mafaili. Juzi mimi na mwenzangu tulikuwa tunarekebisha ramani moja bila kujuana. Yeye akawahi kukomiti, yaani kupeleka mabadiliko yake kwenye seva, mimi nikagomewa, kazi yangu ya kutwa ikawa haiunganiki na yake. Mkuu wetu anasema enzi za CVS, programu ya zamani ya kazi hiyohiyo, alikuwa anaandika amri moja tu anaona nani anahariri nini. Subversion hiyo amri ipo? Na kijana mmoja hapa anatushikia bango tuhamie Git, programu nyingine ya namna hiyo, eti huko shida hizi hazipo.
Mchora Ramani, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole.

Mkuu wenu anasema kweli. Amri yenyewe ni cvs editors, na ilikuwa inatoa mengi: faili, jina la mtu, saa aliyoanza, hata mashine na folda anayofanyia kazi. Lakini CVS haikuwa inamchungulia mtu. Ilikuwa kama daftari la wageni getini: mlinzi anawajua waliosaini tu. Kusaini kwenyewe ni kuandika cvs edit kabla ya kuanza. Asiyeandika, haonekani. Ndiyo maana wasimamizi waliwasha cvs watch on, ili mafaili yashuke yakiwa ya kusomwa tu na mtu akumbuke kujiandikisha.

Subversion haina orodha ya wahariri. Ina kufuli, tangu toleo la 1.2 la mwaka 2005. Kabla hujagusa ramani, andika:

svn lock -m "Narekebisha mito ya kusini" mito.psd

Huo ujumbe usiuache. Mwenzako akiandika svn status -u kwenye folda yake, ataona herufi O mbele ya mito.psd, maana yake faili limefungwa na mtu mwingine. Wewe kwako utaona K. Akitaka kujua ni nani, aandike svn info na anwani kamili ya faili kwenye seva, siyo jina la faili lililo kwenye kompyuta yake, maana hapo hataona kufuli la mwenzake. Atapata jina lako, saa uliyofunga na ule ujumbe wako. Na hiyo -u usiisahau. Bila hiyo Subversion haiulizi seva chochote. Ukiona nyota badala ya herufi, hiyo ni habari nyingine: mtu ameshakomiti, una toleo la zamani, fanya svn update kwanza.

Sasa, binadamu husahau. Kwa ramani zenu weka hii, kisha komiti:

svn propset svn:needs-lock yes mito.psd

Wenzako wakishafanya svn update, faili litakuwa la kusomwa tu kwa kila asiye na kufuli. Mtu akichora bila kufunga, programu itamkatalia kuhifadhi kwa jina lilelile, na atashtuka mapema, siyo saa kumi na moja jioni. Ukikomiti, kufuli linaachiwa lenyewe.

Msifunge kila kitu, tafadhali. Maandishi ya kawaida watu wawili wanaweza kuhariri sehemu tofauti na Subversion ikayaunganisha vizuri. Mafaili ya Word, hata hivyo, yahesabu pamoja na picha: hayo yafungeni. Niliwahi kufanya kazi na bwana mmoja aliyefunga sura nzima, akaenda zake harusini Tanga, simu haipokelewi. Kwa watu wa namna hiyo kuna svn unlock --force na anwani ya faili. Siku akirudi, svn status -u itamwonyesha B, atajua kufuli lake limevunjwa. Mpigie simu kwanza lakini. Huenda ana kazi ambayo hajaikomiti.

Kuhusu Git: kijana wenu kachanganya. Linus Torvalds aliitengeneza mwaka 2005 kwa ajili ya Linux, na kila mtu anabeba historia nzima kwenye mashine yake. Anachofanya huko hakuna anayekiona mpaka akisukume, yaani akipeleke kwenye seva. Ukifanya git fetch halafu git log --all -- mito.psd, utaona yaliyokwisha kusukumwa, siyo yanayochorwa sasa hivi. Na git blame, ambayo watu huikimbilia, inasema nani aliandika mstari gani. Kwenye picha haina faida. Kufuli zipo kwenye kiongezo cha Git LFS: git lfs lock kufunga, git lfs locks kuona nani kafunga nini. Seva nayo lazima izikubali. Mwambie kijana afunge faili moja la majaribio kwenye hiyo seva anayoitaka, wewe uandike git lfs locks kwenye kompyuta yako. Jina lake likitokea, hapo ndipo mkae na mkuu mzungumzie kuhama.