Re: Kingamwili ya panya kwenye tishu ya panya, slaidi yote inang'aa

Umeuliza kwa nini kingamwili yako ya panya, ukiiweka kwenye wengu wa panya, inang'arisha slaidi nzima hadi seli unazozitafuta hazionekani. Kabla hujabadilisha chochote, andaa slaidi moja bila kingamwili ya kwanza (ile inayoshika protini unayoitafuta), weka ya pili (yenye rangi, inayoishika ya kwanza) peke yake. Ikiwaka vilevile, mchawi umempata: kingamwili ya pili haiwezi kutofautisha IgG (aina ya kingamwili iliyo nyingi kwenye damu) uliyoiweka wewe na ile aliyokuwa nayo mnyama mwilini. Na wengu umejaa seli B, zile za ukoo unaotengeneza kingamwili, kwa hiyo hapo ni balaa.

Mimi naamini zaidi vipande vya Fab (mkono mmoja uliokatwa kutoka kwenye kingamwili) dhidi ya IgG ya panya, visivyo na rangi, viifunike IgG ya mnyama. Viweke baada ya kuzuia kwa seramu (kufunika sehemu zinazodaka kingamwili ovyo), kisha osha vizuri ndipo uweke kingamwili ya kwanza. Usitumie IgG nzima badala yake, hata kama imejaa kwenye friji yenu: ina mikono miwili, na mmoja ukishika tishu, wa pili unabaki wazi na kuidaka kingamwili yako. Fab ina mkono mmoja tu.

Ukungu ukibaki, shuku vipokezi vya Fc, vile vya kwenye seli vinavyodaka mkia wa kingamwili. Chukua kingamwili ya pili isiyo na mkia wa Fc. Kwa wanyama watakaofuata, pitisha maji ya chumvi kwenye mishipa kabla ya fomalini, damu itoke na IgG yake.

Ila kama kuna kingamwili ya sungura inayotambua protini hiyohiyo, na imethibitishwa kwenye tishu, ningeichukua hiyo na kuachana na vita hivi.