Nunua mpya, hata kama jina lake hulijui

Swali la wiki iliyopita lilitoka kwa mzazi. Mtoto wake wa miaka tisa amepata baiskeli, na sasa anataka kujifunza na sketibodi. Je, amnunulie helmeti mpya ya bei nafuu, au ya mtumba ya kampuni kubwa, ambayo sokoni ameikuta kwa bei hiyohiyo?

Mimi ni fundi baiskeli hapa Ngamiani, Tanga, mji ambao baba, mama na wanafunzi wote wako juu ya baiskeli, na swali hili naletewa mara kwa mara. Mzazi mwenzangu, nunua mpya. Jina lake hata usilijue, ilimradi ndani ina lebo ya kiwango na inamkaa mtoto sawasawa.

Ganda la nje la plastiki lina kazi zake, ikiwemo kuteleza juu ya lami badala ya kung'ang'ania. Lakini kinachookoa ubongo ni lile povu gumu jeupe la ndani, ndugu wa lile linalofungiwa televisheni mpya kwenye boksi. Kichwa kikigonga chini, povu hupondeka, na huko kupondeka ndiko kunakopunguza nguvu ya pigo kabla halijafika kwenye fuvu. Likishapondeka halirudi lilivyokuwa. Helmeti iliyowahi kupokea pigo zito imeshamaliza kazi, hata kama kwa nje inang'aa.

Hapo ndipo mtumba unaponitia hofu. Juzi kijana alinipitishia helmeti aliyoinunua sokoni, nyeupe, safi, jina kubwa ubavuni. Nikaigeuza, nikabandua sponji za ndani, nikaisogeza juani. Juu kidogo ya mahali panapokaa sikio la kulia palikuwa na ufa mwembamba, na ukiminya kwa dole gumba povu la hapo linabonyea kuliko la upande wa pili. Ganda la nje halikuwa na mkwaruzo wa maana. Kwa huo ufa alikuwa na bahati, maana povu linaweza kuwa limeshapondeka pasipo na ufa wowote wa kuona. Mitumba naiheshimu, baiskeli nyingi zinazopita mikononi mwangu zilitumika Japani kabla ya kufika hapa, na fremu ya chuma ukiikagua vizuri itakueleza ilikopita. Povu halisemi.

Sasa lebo. Tazama ndani ya helmeti, chini ya sponji au nyuma kwenye kisogo. EN 1078 ni kiwango cha Ulaya, nacho kinahusu baiskeli, sketibodi na viatu vya magurudumu kwa pamoja. CPSC ni cha Marekani, na tangu Machi 1999 ni cha lazima kwa helmeti zote za baiskeli zinazotengenezwa kwa soko la huko. Katika upimaji, helmeti huvikwa kichwa cha bandia na kuangushwa juu ya chuma, kwa Ulaya kutoka kimo cha kama mita 1.5, kwa Marekani kama mita 2. Helmeti ya bei ya chini yenye lebo ya kweli imefanya mtihani uleule wa ile ya ghali. Pesa ya ziada mara nyingi hununua wepesi na matundu mengi ya hewa. Nyingine zina utando wa ndani unaoteleza kidogo, unaoitwa MIPS, uliobuniwa Sweden ili kupunguza msukosuko wa ubongo kichwa kinapogonga kwa mshazari. Uwezo ukiwepo, uchukue. Usipokuwepo, usikose usingizi.

Jihadhari na stika yenye herufi CE peke yake, yaani alama ya mtengenezaji kudai bidhaa yake inakidhi masharti ya Ulaya. Lebo ya EN 1078 iliyokamilika hutaja namba ya kiwango, mtengenezaji, saizi kwa sentimita, uzito, na mwaka wa kutengenezwa. Muuzaji asiyekuruhusu kubandua sponji uone ndani, muage kwa heshima uende zako.

Kuhusu sketibodi: anayejifunza huanguka mara nyingi, na mara nyingi chali. Kwa hiyo chagua inayoshuka chini zaidi kwenye kisogo. Marekani wana kiwango cha peke yake cha sketibodi, ASTM F1492, ambapo helmeti hupigwa zaidi ya mara moja. Lakini umbo la mviringo si ushahidi. Zipo zenye sura hiyo ambazo hazikupimwa kwa baiskeli, na zipo ambazo hazikupimwa kwa lolote. Kwa kuwa mwanao atafanya yote mawili, tafuta EN 1078, au lebo ya Kimarekani inayotaja CPSC na ASTM F1492 pamoja.

Sasa nataka tukae kwenye vipimo, maana watoto wengi ninaowaona wamevaa helmeti ya kupigia picha tu, imelala nyuma, paji lote la uso liko wazi. Azima futi ya fundi cherehani, zungusha kichwa kwa usawa juu kidogo ya nyusi, upate sentimita, kisha linganisha na lebo. Ikikaa, pasibaki zaidi ya vidole viwili kati ya nyusi na ukingo wake. Mikanda ikutane chini kidogo ya sikio, ule wa kidevuni ubakize nafasi ya kidole kimoja. Mwambie apige mwayo mkubwa: helmeti ivutike chini kidogo. Halafu mfungulie mkanda, atikise kichwa. Ikicheza, ndogo yake ipo, itafute. Ile tabia ya kununua kubwa ili aikulie waachie viatu na sare za shule.

Nywele nazo zina hesabu yake. Binti aliyesuka rasta nene leo na mwezi ujao akanyoa ana vichwa viwili tofauti, kwa hiyo chagua yenye kile kigurudumu cha kukazia nyuma, na upime upya kila anapobadilisha msuko. Fundo la nywele utosini lishushwe hadi shingoni. Anayevaa ushungi avae kitambaa chepesi kinachobana kichwa, na pini zote zitoke. Pini kati ya povu na ngozi ya kichwa ni hatari ya kujitakia.

Wapo watakaokushauri umvalishe ya bodaboda kwa kuwa ni nzito na imara. Usimvalishe. Yaweza kuzidi kilo moja, shingo ya mtoto haiihimili, na kwa joto letu ataivua akifika kona ya kwanza.

Na jambo hili wazazi wengi hawaambiwi. Mtoto akishuka kwenye baiskeli, helmeti ivuliwe kabla hajapanda mwembe au bembea. Duniani wapo watoto walionyongwa na mkanda baada ya helmeti kunasa mahali ambapo mwili ulipita. Ndiyo maana Ulaya kuna kiwango kingine cha watoto wadogo, EN 1080, chenye kifungo kinachofunguka chenyewe kikivutwa kwa nguvu. Kwenye baiskeli hicho si mbadala wa EN 1078, hasa kwa mtoto wa miaka tisa. Ya kwake nunua yenye kifungo cha kawaida, na kuhusu mwembe mwambie siku hiyohiyo unayomkabidhi.