TOA HEDI KWANZA! Usikubali tepu ipigwe hedi ikiwa juu ya injini

Ndugu yangu hebu mpigie huyo fundi saa hii umwambie asianze. Umeandika kuwa pikipiki ya Honda CG125 ya marehemu babako thredi za plagi zimeisha, plagi yazunguka tu haikazi, kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) iko chini, na fundi kakwambia kesho atapiga tepu, kile chuma cha kukatia thredi, na kutia koili ya thredi mpya hapo hapo hedi (kile kifuniko cha juu ya silinda) ikiwa juu, nusu saa umeondoka. Ukauliza pia mambo ya kabureta na oili gani utie. Hayo wachana nayo kwanza.

Mimi niliambiwa maneno hayo hayo, chini ya mwarobaini huku Likoni, Mombasa, na fundi nilomuamini. "Ntapaka grisi kwenye tepu, vyuma vyote vitanasa." Grisi yanasa kweli lakini hainasi vyote! Tundu la plagi ya CG ni mm 12, tepu ya koili ni nene kuliko hilo tundu, kwa hivyo yakata aluminiamu upya kabisa na vile vinyuzi vyatoka vingi, na chini ya tundu ni pistoni. Visiponasa vyaenda wapi?

Tena afadhali vinyuzi. Kilichoniua mimi ni kimkia. Koili ni waya wa chuma uliosokotwa kama springi, kwa chini ina kimkia cha kushikia wakati wa kuiingiza, ukimaliza wakivunja na kukitoa. Nilisikia "tik". Nikamuuliza kimkia kiko wapi, akapiga kiki mara mbili bila plagi akasema kimeruka nje. Nani alikiona? Hakuna. Tulikuwa watu watatu pale na hakuna alokiona, na mimi nikalipa nikaondoka.

Siku chache tu kompresheni ikaanza kushuka, kiki laini haina nguvu, moshi wa buluu nyuma, halafu ikanizimikia kabisa natoka kwenye feri nikaisukuma ule mlima wa Likoni jua la saa nane, na ilikuwa Ramadhani. Hedi ilipofunguliwa pistoni juu ilikuwa imedonoka vishimo kama imegongwa na ncha ya msumari, ringi ya juu imevunjika, na silinda ina mistari ya kusimama, ukipitisha kucha inakwama. Kucha ikikwama hakuna kusugua na msasa hapo. Nikaboa silinda, yaani kuipanua, hadi saizi ya 0.50 mm zaidi, pistoni mpya, ringi mpya, gasketi zote, na hiyo ilikuwa pesa ya karo ya binti yangu. Nilipomrudia yule fundi akanambia pikipiki ilikuwa imechoka toka zamani. Imechoka vipi na ilikuwa yanipeleka Ukunda kila siku?? Mpaka leo nikipita pale naangalia upande mwengine.

Na CG yenyewe ni injini ya pushrodi, valvu zasukumwa na vijiti, haina cheni ya taimingi hata useme utapoteza taimingi (mpangilio wa valvu kufunguka na kufunga), kutoa hedi yake ni kazi ya asubuhi moja. Ichukue hedi mkononi uende nayo karakana yenye mashini, tepu iingie wima, kimkia ukione kwa macho yako kimeshikwa na koleo, halafu hedi ioshwe kwa petroli na ipulizwe upepo. Gasketi ya hedi weka mpya, ile ya zamani usirudishe.

Hiyo kompresheni nayo huwezi kuijua sasa, plagi isokaza yavujisha. Lakini hedi ikiwa nje, simamisha tundu la kabureta juu umimine petroli, kisha la ekzosi, uangalie kwenye valvu. Ikidondoka, valvu zataka kusagwa. Ukisharudisha pima nafasi ya valvu, 0.08 mm zote mbili injini ikiwa baridi, maana zikibana sana hazifungi na utadhani ringi zimeisha. Ikiwa bado iko chini tia kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi upime tena, ikipanda ndio ringi au silinda. Asikuuzie pistoni kabla ya hapo.

Plagi mpya ianze kwa vidole, bila spana, mpaka ikae.

Huyo fundi akikataa kutoa hedi, iondoe pikipiki kwake leo leo, hata kwa kusukuma.