Nguzo ya Vasco da Gama: ibaki au ing'olewe?

Ndugu yangu, umeuliza kama nguzo ya Vasco da Gama kule Malindi ing'olewe. Mimi ni mtu wa Mombasa, mapenzi na huyu bwana sina. Aprili 1498, merikebu zake zikiwa hapa kwetu, aliwadondoshea mateka mafuta ya moto ngozini ili wakiri njama. Usiku uleule vijana wa Mvita wakaogelea kimyakimya kwenda kukata kamba za nanga (hawa ndio wangejengewa nguzo!). Mwaka 1502 akachoma meli ya mahujaji, wake kwa watoto. Ubaharia aliujua, sikatai, ingawa rubani wa kumvusha hadi Calicut, India, alipewa hukohuko Malindi. Nguzo iacheni, lakini kibao chake kiitaje ile meli.