Wazee 24 waliogeuka 31: kwa wanaoanza kusoma majengo ya kale

Ninyi mnaoanza kazi hii ya kupima na kueleza majengo ya kale, nawapa kosa langu kwanza, ushauri utafuata. Nilitumwa kwenye kanisa la Mtakatifu Petro pale Aulnay, magharibi ya Ufaransa, niandike habari za mlango wa kusini. Juu ya mlango ule kuna matao manne yaliyopangana, na kila moja limejaa sanamu. Tao la tatu halikunisumbua: wamevaa taji, wameshika ala za muziki, basi ni wale wazee wa kitabu cha Ufunuo. Nikaandika 24, maana Biblia inasema 24, nikafunga daftari nikaenda kunywa kahawa.

Mwalimu wangu alisoma, akanirudisha nje bila kuniambia lolote. Nikahesabu kwa kidole, shingo inauma. Wako 31.

Fundi alichonga mzee mmoja kwenye kila jiwe la tao, na tao la ukubwa ule lilidai mawe zaidi ya 24. Mwashi hakuweza kuacha pengo kwa ajili ya andiko, kwa hiyo akaongeza wazee. Kwa hiyo hesabuni, hata pale mnapolijua jibu. Hasa pale.

Jambo la pili, msikimbilie ndani. Zungukeni jengo lote kwanza. Kanisa hili limesimama katikati ya makaburi, kando kidogo ya kijiji, kwenye njia ya mahujaji waliokwenda Santiago de Compostela, kule Hispania. Kwa ajili ya njia hiyo UNESCO ililiingiza kwenye orodha yake mwaka 1998. Wenyeji watawaambia ni la karne ya 12, na kwa sehemu kubwa ndivyo. Lakini ile mihimili minene inayoegemeza ukuta wa magharibi ni ya karne ya 15. Mkiona sehemu mbili zimekutana, angalieni kama safu za mawe zimelingana na kama mawe yameumana. Yasipoumana, ulizeni nani alikuja baadaye.

Mwanga nao ni kifaa cha kazi kama futikamba. Jua likiwa usoni pa ukuta, sanamu zinalala bapa; likija kwa ubavu, hata punda mpiga muziki wa tao la nje anaonekana vizuri. Upande wa magharibi, kwenye tao la kushoto, mtamwona Petro amesulubiwa kichwa chini. Picha yangu ya kwanza ya hapo ilitoka nyeupe tupu.

Ndani, inueni macho. Paa ni tao refu la mawe lililochongoka kidogo, na uzito wake unasukuma kuta kwenda nje. Waashi wa eneo hili walipandisha njia za pembeni karibu kimo kimoja na ukumbi wa kati ili zisaidie kuubeba msukumo huo. Gharama yake ni kwamba ukumbi wa kati hauna madirisha ya juu, mwanga wote unapitia pembeni. Kwa hiyo bebeni tochi, na darubini ndogo mkiweza.

Mtaihitaji kwenye mkono wa kusini wa kanisa, maana ramani yake ni ya umbo la msalaba, kwenye kichwa kimoja cha nguzo. Hapo wamepangwa tembo watatu. Nilipowaona nilicheka peke yangu kanisani. Mtu aliyekua akisikia habari za tembo kuingia mashambani anaona mara moja kwamba wana walakini, na sidhani kama fundi yule aliwahi kukutana na tembo. Labda alijua wasiwasi wa watazamaji wake, kwa sababu juu yao kuna maneno ya Kilatini, HI SVNT ELEPHANTES: hawa ni tembo. Katika maelezo yenu nakilini herufi kama zilivyo, ile V msiifanye U.